Kitanda cha ghorofa kwa msumeno wa betri: shajara kutoka Kinyerezi, Dar es Salaam

Jumamosi, 14 Juni 2025: manunuzi

Wanangu wawili, wa miaka 9 na 6, wanalala chumba cha futi tisa kwa kumi. Vitanda viwili vikiingia humo, hakuna pa kukanyaga. Fundi wa mtaani kwetu aliniambia kitanda cha ghorofa cha mbao za paini ni shilingi 550,000. Bei si mbaya. Lakini nina uani, nina siku za mapumziko baada ya zamu za usiku, na tangu nikiwa binti nimetamani kutengeneza kitu cha mbao kwa mikono yangu.

Mimi ni muuguzi. Miaka kumi na moja sasa nasafisha vidonda vya mafundi, na wengi wao husema neno lile lile: "Sijui hata ilikuwaje, nesi." Shajara hii naiandika ili mimi nijue ilikuwaje, kila hatua, na anayetaka kufuata kazi hii naye ajue kabla hajabonyeza swichi.

Nimechagua msumeno wa duara wa betri kwa sababu mbili. Umeme wa kwetu haukopesheki, na sitaki waya unaotambaa uani watoto wanapopita. Dukani Gerezani, Kariakoo, muuzaji aliniwekea mashine mbili juu ya kaunta, moja imeandikwa V 18, nyingine V 20, na hiyo ya pili kaizidishia elfu sitini "kwa sababu ina nguvu". Nilizigeuza betri nikasoma. Zote mbili zina seli tano za lithiamu. Kila seli ni volti 3.6 ikiwa kazini, na kama 4 ikiwa imetoka kwenye chaja. Tano mara 3.6 ni 18, tano mara 4 ni 20. Betri ni ile ile, namba ndiyo imeandikwa kwa namna mbili. Nikachukua ya 18 pamoja na betri mbili za Ah 4 (saa za ampea, kipimo cha chaji inayobebwa) na chaja: 420,000.

Nilichokikagua kwa makini kuliko volti ni kifuniko cha chini cha bledi, kile kinachojifunga chenyewe juu ya meno ukimaliza kukata. Betri ikiwa nje, nilikivuta juu kwa kidole nikakiachia, kikarudi pa! Cha mashine niliyoonyeshwa kwanza kilirudi taratibu kama mlango wenye kutu. Nikairudisha.

Mbao nimenunua Buguruni (vipimo kwa inchi): 2x4 nane, 2x6 nne, 1x8 nne, zote futi 12, na shiti moja ya plaiwudi ya milimita 18. Kirikuu hadi Kinyerezi 30,000.

Jumapili, 15 Juni: siku bila betri

Leo sijakata kitu. Betri niliiacha ndani kabatini, nikakaa na mashine kibarazani nikiizoea kama mtu anavyozoea sindano kabla hajamgusa mgonjwa.

Bledi ina kipenyo cha milimita 165. Inazunguka hivi kwamba meno ya mbele yanapanda kutoka chini kwenda juu. Ukilielewa hilo, mengine yanajieleza. Kwanza, upande wa juu wa mbao ndio unaochanika, kwa hiyo uso mzuri unalazwa chini. Pili, meno ya nyuma ya bledi nayo yanapita ndani ya njia ambayo tayari umeshaikata. Njia hiyo ikijifunga, mbao inayakamata, na nguvu yote inausukuma msumeno nyuma, kwa aliyeushika. Mafundi wanasema msumeno umepiga teke.

Kina nimekirekebisha bledi ichungulie chini ya mbao kwa urefu wa jino moja, basi. Bledi iliyoshuka mno inagusa mbao kwa eneo kubwa, na kinachoning'inia chini ni kirefu kuliko kidole.

Mavazi: dera limebaki kwenye kamba ya nguo. Khanga pia. Suruali, fulana ya mikono mifupi, kilemba kimechomekwa ndani, viatu vya kufunika vidole. Miwani, barakoa ya kazi, na vifuniko vya masikio. Kuhusu masikio watu hunicheka, lakini kiwango cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Zikifika 100, una dakika kumi na tano tu kwa siku nzima. Msumeno wa duara unafika huko. Na vumbi la mbao limo kwenye orodha ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kama kisababishi kilichothibitishwa. Barakoa ya kitambaa haitoshi.

Jumamosi, 21 Juni: teke

Vipande vitatu vya kwanza vya 2x4 vilikatika vizuri, nikajiamini. Hivyo nilivikatia pembeni mwa meza, kipande cha kuondoka kikining'inia hewani. Kikikatika kinaanguka, njia inafunguka, bledi iko huru.

Ikafika zamu ya 2x6, mbao ya ubavu wa kitanda. Ni ndefu, meza haikuitosha, nikailaza juu ya stuli mbili, moja kila mwisho, nikaanza kukata karibu na katikati. Machoni ilikuwa imetulia kabisa.

Nilipofika kama theluthi mbili, sauti ilibadilika. Ilikuwa inavuma, ikaanza kukoroma. Nilidhani betri imechoka, nikasukuma. Hapo ndipo nilipokosea. Mashine iliruka juu na nyuma kwa kishindo kimoja, ikaacha mkwaruzo wa karibu shibiri juu ya mbao, kitako chake kikanipiga pajani. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika, kidole kikaachia swichi chenyewe, breki ikasimamisha bledi, na kifuniko kilikuwa kimeshafunga kabla mashine haijanifikia. Nimebaki na alama ya bluu pajani ukubwa wa kiganja. Nilitoa betri, nikakaa chini. Mikono ilinitetemeka robo saa nzima.

Nilikuwa nimesimama wapi? Nyuma ya mstari kabisa, mguu wa kulia ukiwa sawa na bledi. Kifuniko kile kingekuwa kizito kurudi kama cha mashine ya kwanza pale dukani, leo ningekuwa mgonjwa wa wenzangu.

Hasara: 2x6 moja imechimbika vibaya, 15,000.

Jumapili, 22 Juni: baba mdogo

Baba mdogo ni seremala Keko tangu sijazaliwa. Nilimpigia simu jana usiku, leo asubuhi kafika kwa bajaji na msumeno wa mkono umefungwa gazeti.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mama. Lete hiyo mbao, uiweke vile vile ulivyoiweka jana."

Niliilaza juu ya stuli mbili. Akanipa msumeno wa mkono. "Kata."

Nikakata. Robo ya kwanza laini. Nusu, laini. Baada ya hapo ukaanza kuwa mzito, nikafika mahali bledi ikaganda, haiendi mbele wala hairudi. Akaniambia niinamishe kichwa nitazame njia ya msumeno. Chini ilikuwa wazi kama ilivyokatwa. Juu, zile kingo mbili zilikuwa zimekutana, zimeuma bledi kama midomo iliyofumbwa. Mbao ilikuwa imebonyea katikati kwa uzito wake yenyewe, kiasi ambacho jicho halikioni, na kwa kubonyea ilijifunga upande wa juu.

"Msumeno wa mkono ukibanwa unagoma," alisema. "Wa mashine haujui kugoma. Ukibanwa unakurudia wewe. Kwa hiyo kabla hujakata, usitazame msumeno. Tazama mbao. Kikikatika, hiki kinakwenda wapi, na hiki kinakwenda wapi?"

Alichukua penseli, akachora mshale kwenye kipande cha kuondoka, ukielekea chini, na msalaba kwenye kipande cha kubaki. Ndio utaratibu wangu tangu leo. Kama siwezi kuchora mshale kwa uhakika, sikati.

Tukaunda meza ya kukatia: vipande vinne vya 2x4 vimelazwa sambamba juu ya stuli nne, mbao inalala juu ya vyote. Mstari wa kukata unapita kati ya vipande viwili, kila upande una pa kulalia, hakuna kinachobonyea. Hata bledi ikivigusa vile vya chini, kina kikiwa kimerekebishwa vizuri inavikata milimita chache tu, na hivyo ni vya kutupwa. Kwa ukataji wa pembeni, upande wa kubaki unabanwa kwa klampu mbili, na kitako kipana cha mashine kinakaa juu ya upande huo. Kikikaa juu ya kipande kinachoanguka, mashine inaanguka nacho.

Ubavu wa kwanza umekatika bila kukoroma. Nilisimama kushoto kwa mstari, bledi ikaachwa ishike kasi kamili kabla haijagusa mbao, na nilipomaliza niliisubiri isimame ndani ya njia. Huu msumeno wangu ukiachia swichi unahesabu moja, mbili, umesimama. Kuuvuta nyuma bledi ikiwa bado inazunguka ni kuliomba teke.

Klampu nne nimenunua njiani nikimsindikiza: 48,000. Zilipaswa kuwa za kwanza kwenye orodha.

Jumamosi, 28 Juni: chaga, kabari, na utomvu

Nguzo na mbavu zimekwisha katikati ya wiki, bila kisa. Leo ni chaga. Godoro ni tatu kwa sita, nimepanga chaga kumi na nne kila kitanda, ishirini na nane jumla, zipatikane kwa kupasua 1x8 katikati.

Nilianza kwa kupasua ubao mzima wa futi 12. Umelazwa vizuri, haubonyei popote, mshale umechorwa. Mita moja ndani, mkoromo ule ule. Safari hii niliachia swichi papo hapo, nikasubiri, nikatazama. Njia ilikuwa imejifunga nyuma ya bledi ingawa ubao umelala bapa. Nikampigia baba mdogo. Akaniuliza kama ubao umetoka karibu na moyo wa gogo. Nikatazama kichwa cha ubao: miduara ya umri inaonekana imejikunja, moyo uko ukingoni. Akasema paini inayokua haraka inakuwa na mvutano ndani yake, ukiipasua kwa urefu kila nusu inajipindia inakotaka.

Dawa yake ni kabari. Nimechonga mbili nyembamba. Kila nikikata kama futi mbili nasimamisha, natoa betri, nachomeka kabari kwenye njia nyuma ya bledi, narudisha betri, naendelea. Inachosha. Ubao wenyewe ulitoka umepinda kama upinde, haufai chaga: hasara 11,000, na Jumatatu nitanunua mwingine.

Kilichofaulu ni kugeuza mpangilio. Kwanza nakata ubao vipande vinne vya futi tatu, kisha ndio napasua kila kimoja. Kipande kifupi hakina urefu wa kujipinda. Ila kifupi kina hatari yake, unashawishika kukishika kwa mkono. Nimekifunga kwa skrubu mbili juu ya ubao wa kutupwa, mbali na mstari, mikono yote miwili ikabaki kwenye mashine. Mashimo ya skrubu yanakaa kwenye ncha, pale pale zitakapopita skrubu za kitanda.

Sasa jambo la utomvu, nalo naliandika polepole kwa sababu lilinitisha kuliko teke.

Baada ya chaga ya kumi na nane nilitoa betri ili nipumzike. Kwa mazoea nilikivuta kifuniko na kukiachia. Hakikurudi. Kilibaki juu, bledi uchi, meno yote nje. Utomvu wa paini ulikuwa umechanganyika na unga wa mbao ukawa gundi nyeusi kwenye mhimili wake. Sikujua kilikuwa hivyo tangu chaga ya ngapi. Mashine niliyokuwa naishusha chini pembeni ya mguu wangu kila baada ya kukata ilikuwa bila mlango.

Nimesafisha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo na mswaki wa zamani, nikakausha, nikakijaribu mara ishirini. Kinarudi. Mswaki sasa umefungwa kwa uzi kwenye mpini wa kasha, na kila nikibadilisha betri najaribu kifuniko. Najua mafundi wanaokifunga kwa waya kibaki juu ili waone mstari. Nimewaona baadaye kazini kwangu, upande wa pili wa meza. Naomba sana usifanye hivyo.

Jumatatu, 7 Julai: Saba Saba, plaiwudi

Jirani zangu wengi walikwenda maonyesho barabara ya Kilwa, kelele zangu hazikumsumbua mtu.

Plaiwudi ni ya droo mbili za chini ya kitanda. Bledi iliyokuja na mashine ina meno 24, inafaa mbao. Kwenye plaiwudi inachana ngozi ya juu. Nilinunua ya meno 40 kwa 28,000. Kabla ya kununua soma mambo mawili yaliyochapwa kwenye bledi: kipenyo cha tundu la katikati, kiwe sawa na cha mashine yako bila kulazimisha, na mwendo wa juu kabisa wa mizunguko kwa dakika, uwe mkubwa kuliko wa mashine. Kubadilisha ni betri nje kwanza, halafu kitufe cha kufungia mhimili, halafu ufunguo. Mshale wa kwenye bledi ufuate mshale wa kwenye kifuniko.

Shiti imelala juu ya vipande vinne vya 2x4 sakafuni, uso mzuri chini. Ubao ulionyooka umebanwa kwa klampu kama reli ya kitako. Umbali kutoka ukingo wa kitako hadi bledi nilikuwa nimeupima mwezi uliopita. Droo ya kwanza ikatoka fupi kwa milimita mbili. Nilikuwa nimepima hadi upande wa kushoto wa meno, na kipande changu kilikuwa upande wa kulia. Unene wa bledi ulikula kipimo. Sasa nakata kwanza kwenye kipande cha kutupwa, napima njia yenyewe, na naweka alama ya X upande wa kutupwa. Droo moja itakuwa nyembamba kuliko mwenzake. Wanangu hawajagundua.

Saa saba mchana betri ya pili ilikataa kuchaji, taa nyekundu inawakawaka. Nilikuwa nimeiacha juani juu ya sakafu ya saruji. Kijitabu cha chaja kinasema isichajiwe ikizidi nyuzi 40. Usiitie kwenye friji, baridi ya ghafla na unyevu ni adui wa seli. Niliiweka kivulini sakafuni ndani, nikapika wali, nilipomaliza ikakubali yenyewe.

Jumamosi, 12 Julai: kuunganisha

Bolti kwenye viungo vya nguzo na mbavu, skrubu kwenye chaga, gundi ya mbao kila mahali. Baba mdogo alishika upande wa pili.

Kitu kimoja cha kupimwa kwa rula ni uzio wa kitanda cha juu. Kanuni za Marekani za vitanda vya ghorofa zinataka nafasi zisizidi inchi tatu na nusu ili mwili wa mtoto usipenye kichwa kikabaki, na uzio upite juu ya godoro kwa inchi tano au zaidi. Godoro letu ni inchi sita, kwa hiyo ukingo wa juu wa uzio unafika inchi kumi na moja juu ya chaga. Ukinunua godoro nene baadaye, uzio wako unakuwa mfupi. Mdogo ana miaka sita, analala chini. Juu ni kwa mkubwa.

Jumapili, 20 Julai: gharama na kilichobaki

Vanishi imekauka, wameshalala humo usiku tano.

Vifaa: mashine 420,000, bledi 28,000, klampu 48,000, miwani na barakoa na vifuniko vya masikio 36,000. Jumla 532,000.

Kitanda: 2x4 nane 76,000, 2x6 tano 75,000, 1x8 tano 55,000, plaiwudi 72,000, bolti na skrubu na gundi na msasa na vanishi 83,000, kirikuu 30,000. Jumla 391,000, na ndani yake kuna 26,000 za mbao nilizoharibu.

Kwa hiyo kitanda peke yake ni nafuu kuliko cha fundi, na ukiweka vifaa ni 923,000. Kama unataka kitanda kimoja tu maishani, mpe fundi kazi.

Mashine inakaa stoo ya jikoni, betri zinakaa juu ya kabati chumbani kwangu. Haviishi chumba kimoja katika nyumba yenye watoto. Bledi ya meno 24 imeanza kuacha rangi ya kahawia kwenye mbao, dalili ya butu, na bledi butu inasukumwa, na kusukuma nimeshaona kunakofika. Jumanne inakwenda Keko kunolewa.

Nguzo ya kushoto nyuma inalia mtoto akijigeuza. Nadhani bolti moja imekosa washa, kile kipete cha chuma cha chini ya nati. Nitaifungua nikitoka zamu.

Vipande vilivyobaki vinatosha kigoda kimoja. Mkubwa ameshavichora mishale.